Jirani yangu aligombea udiwani hapa Mwanza: niliyoyaona kuanzia fomu hadi kwenye baraza

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna kijana wa mtaani kwetu, fundi pikipiki, juzi alinifuata akaniambia anataka kugombea udiwani. Alinifuata mimi kwa sababu anajua mwaka 2015 nilikuwa bega kwa bega na mama mmoja jirani yetu aliyegombea kata yetu akashinda. Nilianza kumjibu pale pale kijiweni kwake, nikaona maneno ni mengi, nikamwambia nitayaandika. Nayaweka hapa ili na wengine wenye nia kama yake wayasome. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Jina la kata silitaji, na chama chake sikitaji, maana nikikitaja tu mjadala wote utahamia huko. Itoshe kusema ni Nyamagana, ndani ya Halmashauri ya Jiji, upande wa milimani. Anayeijua Mwanza anaelewa. Chini kuna lami na daladala, huku juu nyumba zimeng'ang'ania mawe, na njia ni vichochoro ambavyo hata mkokoteni haupiti. Mgonjwa akizidiwa usiku anashushwa mgongoni. Mvua ikinyesha kwa nguvu wapo wanaotapisha vyoo, na ule uchafu unapita milangoni kwa watu wa chini mpaka Mto Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani. Maji ya mabombani kwetu yanatoka ziwa hilo hilo.

Mama huyu alikuwa anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Siasa hakuwa nazo, alikuwa na kadi ya chama tu kama watu wengi. Mwaka 2014 mvua iliangusha ukuta wa nyumba moja ukafunika njia yetu ya kushukia. Tulikaa zaidi ya wiki mbili tunapanda juu ya kifusi, wanafunzi wakiwa na viatu mkononi. Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaelekezwa kwa mtendaji wa kata, mtendaji akamwelekeza jiji, na kule akajibiwa kwamba jambo hilo halimo kwenye bajeti. Akauliza: bajeti inaandikwa lini, na anayeiandika ni nani? Hakupata jibu la kueleweka. Alirudi nyumbani na swali hilo, na miezi michache baadaye akatuambia anagombea.

Mlango wa kwanza ulikuwa chama. Kwa sheria zetu huwezi kugombea udiwani mpaka udhaminiwe na chama, kwa hiyo mchujo wa kwanza, na mara nyingi ndio mgumu kuliko wote, ni kura za maoni za ndani ya chama. Wazee wa chama walimwita wakamshauri kwa upole aende viti maalum vya wanawake, kwamba kata aiachie mwanaume mwenye uwezo. Aliwajibu kwamba viti maalum anaviheshimu, lakini njia iliyofunikwa na kifusi ipo kwenye kata. Nilikuwepo, na sijasahau ukimya uliofuata.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu kijana ameniuliza hilo kabla ya yote. Usiku wa kuamkia kura za maoni kulikuwa na watu wanapita nyumba kwa nyumba na bahasha. Wakubwa kidogo mtakumbuka kulikuwa na kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ambacho sheria ya uchaguzi ilikiruhusu mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwaka 2006. Ikaja na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Kwenye karatasi jambo limekwisha, mtaani halijakwisha. Mama hakutoa kitu. Alichokuwa nacho ni kikoba: wanawake zaidi ya thelathini waliomwona akihesabu fedha zao miaka sita bila hata shilingi moja kupotea. Hao ndio waliompitisha, na kwa tofauti ndogo mno.

Fomu ya tume ya uchaguzi yenyewe haina gharama ya kutisha. Mwaka ule dhamana ya mgombea udiwani ilikuwa shilingi 5,000 na wadhamini wasiopungua 10 waliojiandikisha kupiga kura kwenye kata. Umri ni miaka 21, na ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kinachoangusha watu ni ujazaji. Herufi ya jina ikitofautiana na ya kwenye daftari la wapiga kura, mdhamini akisaini mahali pasipo pake, tamko la mbele ya hakimu likikosekana, mwenzako anakuwekea pingamizi. Sisi tulikaa na mwalimu mstaafu wa mtaa, tukaijaza kwanza kwa penseli kwenye nakala ya fotokopi, tukaikagua mara tatu, ndipo tukajaza ile halisi. Kijana, hapo usiwe na haraka.

Kampeni sitaieleza sana. Mikutano ya hadhara mnaijua. Kilichomtofautisha ni kauntabuku. Kila alipopanda mlima aliandika: ngazi zimevunjika wapi, mfereji umeishia wapi, nyumba ipi ina mlemavu asiyeweza kushuka. Watu walizoea mgombea anayekuja kuongea. Huyu alikuwa anauliza, kisha anaandika mbele yako kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la saba, halafu anakusomea alichoandika uthibitishe. Tarehe 25 Oktoba 2015 akashinda.

Sasa nakuja kwenye kiini cha uzi huu: baada ya kushinda.

Kitu cha kwanza tulichojifunza ni kwamba diwani hana mfuko, na hana mamlaka ya kumwagiza mtumishi achimbe mfereji kesho. Mkurugenzi wa jiji anateuliwa na Rais, wakuu wa idara wako chini ya mkurugenzi. Nguvu ya diwani iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye kata, ambako ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na mtendaji wa kata ni katibu wake. Ya pili ni barazani na kwenye kamati za kudumu, pale bajeti inapopita, taarifa za robo mwaka zinapojadiliwa, na meya anapochaguliwa, maana meya anachaguliwa na madiwani, hatumpigii kura sisi. Diwani anayekosa vikao, au anayehudhuria bila kusoma, amewatupa watu wake hata kama kila msiba anafika.

Na kusoma ni kusoma kweli. Siku chache kabla ya kikao lilikuwa linaletwa kabrasha, rundo la karatasi unene wa tofali. Tulikuwa tunakaa kwake usiku, yeye, yule mwalimu mstaafu na mimi, chai ya rangi na dagaa wa kukaanga kwenye sinia, tunapitia ukurasa kwa ukurasa. Usiku mmoja mwalimu aliweka kidole kwenye mstari akanyamaza. Ulikuwa mstari wa mifereji. Safu ya fedha zilizotengwa ilikuwa na tarakimu ndefu, safu ya fedha zilizopokelewa ilikuwa na kistari tu, na robo tatu za mwaka zilikuwa zimekwisha. Mama akauliza, "Kwa hiyo huu mfereji tuliutangazia watu nao haupo?" Mwalimu akamwambia upo, lakini upo kwenye karatasi. Siku ya baraza alisimama akauliza kuhusu kistari kile. Alijibiwa kwa maneno mengi, akasimama tena akauliza vile vile. Robo iliyofuata kistari kikawa na namba, ndogo, lakini namba.

Jambo la pili ni kwamba ardhi ilihama chini ya miguu yao wakiwa katikati ya muhula. Kodi ya majengo, ambayo ilikuwa mapato makubwa kwa halmashauri za mijini, ikahamishiwa TRA (Mamlaka ya Mapato) kuanzia mwaka wa fedha 2016/17. Ada za mabango nazo zikafuata. Kisha Julai 2017 ikazinduliwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara za mitaa zikatoka mikononi mwa halmashauri. Fikirieni mtu aliyeomba kura kwa ajili ya njia na mifereji, halafu chombo anachokaa kinapoteza barabara na kinapoteza kodi ndani ya miaka miwili. Wananchi hawakujua. Waliendelea kumsimamisha gengeni kumuuliza njia, na yeye alikuwa anabeba barua kwenda ofisi ambayo haiwajibiki kwake.

Ngazi zetu zilijengwa mwaka 2018, na wenye sifa ni wengi. Mkutano wa mtaa ulikubali tuchange nguvu: mawe hatukununua, Mwanza mawe yapo, vijana waliyapasua na kina mama wakayapandisha kwa karai. Halmashauri ilitoa saruji na mafundi. Ziko mpaka leo, zina kingo ya kushika upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ilichukua miaka miwili na nusu tangu wazo lilipoandikwa kwenye muhtasari wa mtaa. Likapanda kata, likaenda kwa wataalamu, kamati ya mipango miji, kamati ya fedha, baraza, kisha mkoa na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Mwaka wa kwanza lilikatwa kwa sababu ya ukomo wa bajeti.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma, na ndilo lililonisukuma niandike.

Asubuhi saa kumi na moja watu walikuwa wameshafika mlangoni kwake. Huyu ana cheti cha dawa, huyu mtoto amerudishwa shule kwa mchango, huyu ana msiba na hana nauli ya kusafirisha mwili kwenda Sengerema. Jana yake alikuwa jirani muuza dagaa, leo ni "Mheshimiwa", na Mheshimiwa inasadikiwa ana pesa. Posho ya diwani si mshahara, na biashara ya Mwaloni ilikuwa imelala kwa sababu ya vikao. Aliuza friza. Akauza kiwanja chake cha Buhongwa. Na mimi ninayeandika hapa nilikuwa mmojawapo: mwaka 2017 nilipofiwa na baba yangu mdogo nilimfuata anisaidie gari. Alinisaidia. Sikumuuliza ametoa wapi.

Mwaka 2020 aliangushwa kwenye kura za maoni. Aliyemshinda alikuwa amekuja na mifuko ya sukari na jezi za timu ya mtaa. Niliwasikia kwa masikio yangu watu waliopita kwenye zile ngazi kwenda kupiga kura wakisema "huyu mama hakutufanyia kitu". Walikuwa wamezikanyaga asubuhi ile.

Amerudi Mwaloni. Yupo, ana afya, Mungu ni mwema.

Nitarudi kujibu maswali.

—

Mdau wa Mbeya: Mkuu, umeandika vizuri, lakini swali langu ni moja. Kama mama alikuwa na watu wake thelathini wa kikoba na kauntabuku, kwa nini apite kwenye mlango wa chama kabisa? Si agombee kama yeye?

Mleta uzi: Mkuu, mgombea binafsi kwetu haruhusiwi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili maisha yake yote ya siasa. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, ikampa tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 ikisema hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake. Mpaka leo mlango ni ule ule. Kwa ubunge na urais watu wanaweza kubishana, lakini kwa kata, mahali ambapo watu wanamjua mgombea mpaka anachokula, sijawahi kuona sababu ya maana ya kumlazimisha aombe ruhusa ya chama.

Mdau wa Mombasa: Huku kwetu Kenya Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea binafsi, na kwenye wadi wapo wanaoshinda hivyo. Lakini msidhani shida imeisha. MCA (mjumbe wa bunge la kaunti, ndiye kama diwani wenu) akishachaguliwa, mambo ni yale yale ya foleni mlangoni kuanzia alfajiri: harambee, mazishi, karo. Nimesoma hapo kwenye friza nikamkumbuka mtu ninayemjua. Pole kwa huyo mama.

Mleta uzi: Asante ndugu yangu. Kwa hiyo tatizo letu la tatu ni la pwani mpaka ziwani.

Mdau, mtendaji wa kata mstaafu: Nimefanya kazi na madiwani wanne kwenye kata tofauti, naomba niongeze. Kijana anayetaka kugombea ajue mpaka wake na mtendaji. Diwani anasimamia, hatekelezi. Nimeona diwani anachagua fundi wa kujenga darasa, anachagua duka la kununua nondo, mwisho wa siku jengo likipasuka hawezi kuhoji kwa sababu mkono wake umo. Mwingine anaingia kwenye mikopo ya asilimia kumi na kutaka vikundi vya watu wake vipite. Hii mikopo ni haki ya kisheria ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudishwa mwaka uliofuata. Vikundi hewa havikujitunga vyenyewe. Diwani mzuri anakaa pembeni ya mchakato akiwa na macho, na anauliza orodha.

Na hilo la mkutano wa mtaa nakazia. Kisichoandikwa kwenye muhtasari wa mtaa hakina pa kuanzia. Nimeona watu wanalalamika miaka mitatu kuhusu kivuko, ukifungua daftari la mihtasari hakuna aliyewahi kukitaja kikaoni.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo. Hilo la muhtasari ndilo hasa mama alilokuwa anatuhimiza. Alikuwa anahudhuria mikutano ya mitaa yote ya kata, na kabla haijafungwa anamwomba katibu asome kwa sauti kilichoandikwa.

Mdau wa Tabata: Mimi nitatofautiana. Mnamfanya diwani maskini wa kuhurumiwa, lakini wengine tunawaona wanaingia na bodaboda wanatoka na nyumba. Na kuna wanaoufanya udiwani ngazi ya kwenda bungeni tu. Msiwapake wote mafuta.

Mleta uzi: Sikukatalii, mkuu. Wapo. Hata hapa Mwanza meya aliyekuwepo kabla ya 2015 alikwenda kuwa mbunge wa Nyamagana, na siyo dhambi, mtu kuanzia kwenye baraza ni shule nzuri. Hoja yangu ni kwamba sisi wapiga kura ndio tunaotengeneza aina hiyo unayoisema. Tukimtaka atulipie msiba, ada na jezi, tunamwambia kwa vitendo atafute pesa popote. Atazipata wapi? Kwa mkandarasi wa taka, kwa mwenye kiwanja cha wazi anachotaka kukijengea. Halafu siku ya baraza atanyamaza. Mama yule angeweza kunyamazia kistari kile, na friza lingekuwepo mpaka leo.

Mdada wa Ilemela: Naomba kuuliza kuhusu mume na watoto. Mimi nina nia hiyo na kinachonirudisha nyuma ni maneno. Mama alivumiliaje?

Mleta uzi: Dada yangu, maneno yalikuwepo, tena mabaya, na mengi yalitoka kwa wanawake wenzake. Walisema vikao vya usiku si vikao. Mume wake ni fundi seremala, mtu asiyeongea. Alichofanya ni kuanza kumsindikiza mpaka mlangoni mwa ukumbi na kumsubiri nje, kila mara, mpaka watu wakachoka kusema. Nimempigia mama simu leo kumwambia kuna mdada ameuliza. Ameniambia nikuandikie hivi: usianze na chama, anza na kazi moja ya mtaa ambayo watu watakuona ukiimaliza. Na ikiwa una kikoba, vitabu vyake viwe safi.

Kijana fundi pikipiki: Bro, nimesoma yote. Swali, mimi siyo diwani bado, naruhusiwa kuingia barazani nione wanavyofanya?

Mleta uzi: Unaruhusiwa, mdogo wangu. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi, mwananchi anakaa sehemu ya wageni, haongei, hapigi kelele, anasikiliza. Ratiba ulizia ofisi ya mtendaji wa kata au jiji penyewe, kawaida ni kila robo mwaka. Nenda na kalamu. Mama amekubali kukupa lile kauntabuku la 2015 ulisome, ila analitaka lirudi, kuna nyumba kumi na mbili upande wa juu ambazo mfereji haujazifikia na anasema bado hajaufuta ule ukurasa. Pitia Mwaloni Jumapili baada ya saa nne, mizigo ya asubuhi inakuwa imepungua.